Kiwango cha 1099 kimepanda, deni la aliyejiajiri liko palepale

Tangu Januari 1, 2026, kampuni ya Marekani inayomlipa mkandarasi huru hailazimiki tena kumtolea fomu 1099-NEC, karatasi inayoripoti alicholipwa, mpaka malipo yake ya mwaka yafike dola 2,000. Kiwango cha awali kilikuwa dola 600, na kilikaa hapo tangu 1954 bila kujali bei za vitu zilivyopanda. Badiliko hilo lilikuja ndani ya sheria kubwa ya kodi aliyoitia saini Rais Donald Trump Julai 4, 2025, sheria ileile iliyozaa kaulimbiu za "tipu hazina kodi" na "ovataimu haina kodi". Kwa watu wetu walioko huku, kuanzia madereva wa Dallas hadi wasaidizi wa wagonjwa wa Minneapolis, mambo haya matatu yamechanganywa yakawa habari moja tamu, kwamba serikali imemwachia mtu mdogo hela yake. Haijamwachia. Kilicholegezwa ni wajibu wa mlipaji kuandika karatasi. Mlipwaji bado anadaiwa kama zamani, na kwa aliyejiajiri mwenye kipato cha kawaida sehemu kubwa ya deni hilo si kodi ya mapato hata kidogo. Ni mchango wa Social Security (mfuko wa pensheni wa serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee), ambao sheria mpya haikuugusa. Ninaona badiliko hili litawaumiza zaidi haohao wanaolishangilia, kwa sababu karatasi iliyokuwa inawakumbusha deni imeondolewa na deni limeachwa.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kutenganisha vitu viwili ambavyo karatasi ya mshahara huviweka safu moja. Cha kwanza ni kodi ya mapato ya serikali kuu. Makato yake ni makadirio tu: mwajiri anasoma fomu W-4, ya maelekezo ya makato, uliyojaza, anaangalia jedwali la IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), anakata kiasi kinachokaribia kodi ya mwaka mzima. Hesabu ya kweli inafanywa ukiwasilisha ritani. Ukiwa umekatwa zaidi unarudishiwa, ukiwa umekatwa pungufu unalipa. Cha pili ni mchango wa hifadhi ya jamii: asilimia 6.2 kwa Social Security, mwisho wake mshahara wa dola 184,500 kwa mwaka 2026, na asilimia 1.45 kwa Medicare. Kwa mwajiriwa, huu hauna makadirio wala msamaha wa kima cha chini. Unakatwa kuanzia dola ya kwanza, na mwajiri anaongeza kiasi kilekile kutoka mfukoni mwake. Jumla ni asilimia 15.3, wewe unaona 7.65.

Makato ya Social Security yalianza Januari 1937 kwa waajiriwa peke yao. Makato ya kodi ya mapato kwenye mshahara yalikuja baadaye, mwaka 1943, vita vilipohitaji fedha haraka. Kabla ya hapo watu walilipa kodi ya mwaka uliopita kwa awamu. Aliyejiajiri aliingizwa kwenye Social Security mwaka 1951, na kwa miaka zaidi ya 30 alitozwa kiwango cha kati, zaidi ya mwajiriwa lakini pungufu ya mwajiriwa na mwajiri wakijumlishwa. Mageuzi ya 1983 yaliifuta nafuu hiyo. Tangu hapo aliyejiajiri anahesabiwa kuwa mwajiri na mwajiriwa ndani ya mtu mmoja, na analipa pande zote mbili. Kufidia hilo, tangu 1990 anaruhusiwa kukokotoa mchango juu ya asilimia 92.35 ya faida (yaani 100 toa ile 7.65 ya "mwajiri"), kisha nusu ya mchango huo inaondolewa kwenye mapato kabla ya kodi ya mapato kukokotolewa. Ni vipunguzo vya maana, ila ni vidogo.

Wengi wetu tumekuja na mazoea ya nyumbani. Tanzania, mwajiriwa ambaye mshahara wa mwajiri mmoja ndio mapato yake pekee hukatwa PAYE na hana ritani ya kuwasilisha. Mwajiri akishakata, mambo yamekwisha. Mkenya amezoea kuwasilisha ritani kila mwaka kabla ya Juni 30, lakini naye amezoea kwamba kwenye PAYE hesabu huwa imeshakaa sawa. Mazoea hayo yanamfundisha mtu kuwa kodi ni kitu unachofanyiwa. Marekani kodi unaifanya mwenyewe, na asiyekatwa chochote ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote.

Tuweke namba. Chukua dereva wa programu za abiria, hana mke wala watoto, anaishi Houston. Mwaka 2026 abiria wamelipa dola 60,000 kwa safari zake, na programu imejichukulia dola 13,000 kama ada. Amekimbia maili 24,000 za kazi, na kiwango cha IRS cha mwaka huu ni senti 72.5 kwa maili, kwa hiyo anaondoa dola 17,400. Simu na vitu vidogo vya kazi, dola 600. Faida yake kwenye Schedule C, sehemu ya ritani ya mwenye biashara, ni dola 29,000. Asilimia 92.35 ya hiyo ni dola 26,782, na asilimia 15.3 yake ni dola 4,098. Huo ndio mchango wa aliyejiajiri. Sasa kodi ya mapato: toa nusu ya mchango, dola 2,049, zinabaki 26,951, toa punguzo la kawaida la dola 16,100, zinabaki 10,851, toa lile punguzo la asilimia 20 wanalopewa wenye biashara, ambalo kwake linabanwa na kiasi kilichobaki na kuwa dola 2,170. Kinachotozwa ni dola 8,681 kwa asilimia 10, yaani dola 868. Jumla anadaiwa dola 4,966, na zaidi ya dola nne katika kila tano ni mchango wa hifadhi ya jamii. Akikwambia "mimi niko kwenye ngazi ya asilimia 10", hajakosea. Anaangalia kipande kidogo cha deni. Wala Texas kutokuwa na kodi ya mapato ya jimbo hakumsaidii hapa, maana mchango huu ni wa serikali kuu na unamfuata popote. Na aliyeambiwa afungue LLC (kampuni yenye dhima yenye kikomo) ili aukwepe, ajue kwamba LLC ya mtu mmoja ambayo haijaomba kutozwa kama shirika inarudi kwenye Schedule C ileile na mchango uleule.

Mwajiriwa mwenye mshahara huohuo wa dola 29,000 angekatwa dola 2,219 za hifadhi ya jamii na kudaiwa dola 1,300 za kodi ya mapato, jumla 3,519. Tofauti ni karibu dola 1,450, na kodi ya mapato ya mwajiriwa ni kubwa zaidi. Mzigo wote wa ziada wa aliyejiajiri umetoka kwenye ile nusu ya mwajiri. Halafu mwajiriwa hasikii maumivu, kwa sababu hela hazikuwahi kufika mkononi mwake. Dereva amezishika, amelipa pango la nyumba, ametuma nyingine nyumbani, na Aprili anatakiwa azitoe zote kwa mkupuo.

Hata waajiriwa hawako salama wakidhani makato ni kodi. Mume na mke, kila mmoja ana mshahara wa dola 45,000, wote wametia alama ya "wenye ndoa wanaowasilisha pamoja" kwenye W-4 na kuacha sehemu nyingine zote wazi. Kila mwajiri anadhani kazi yake ndiyo kazi pekee ya familia, kwa hiyo kila mmoja anatoa punguzo zima la wenye ndoa la dola 32,200. Kila kazi inakata dola 1,280 kwa mwaka, jumla 2,560. Lakini punguzo ni moja. Kodi yao ya kweli kwa dola 90,000 ni dola 6,440, na wanaishia kudaiwa dola 3,880 bila kuwa wamefanya ujanja wowote. Dawa yake ni kisanduku kimoja: sehemu ya pili ya W-4, herufi (c), kitiwe alama kwenye fomu zote mbili. Kikitiwa, kila mwajiri anakata dola 3,220, na mbili zikijumlishwa ni 6,440 kamili. Watoto nao waandikwe kwenye fomu moja tu, ya mwenye mshahara mkubwa. Wakiandikwa kwenye zote mbili, ile nafuu ya dola 2,200 kwa kila mtoto inahesabiwa mara mbili kwenye makato na kudaiwa kwenye ritani.

Turudi kwenye kiwango kipya. Upande unaokitetea una hoja, tena nzuri. Dola 600 za 1954 zilikuwa hela nyingi. Leo ni kazi ya fundi bomba kwa siku mbili. Mwenye mgahawa mdogo aliyemlipa mchoraji dola 700 alilazimika kuomba W-9 (fomu ya jina na namba ya kodi ya anayelipwa), kujaza 1099-NEC na kuituma kabla ya Januari 31, na akisahau anapigwa faini kwa kila fomu. Kumpunguzia mzigo huo ni haki. Vilevile kwa majukwaa ya malipo: sheria ya 2021 ilitaka fomu 1099-K, inayoripoti malipo yaliyopitia majukwaa hayo, itolewe kuanzia dola 600, ikaahirishwa mwaka baada ya mwaka, na sasa kiwango kimerudishwa kwenye zaidi ya dola 20,000 na miamala zaidi ya 200. Mtu aliyeuza kochi lake la zamani hana sababu ya kupokea karatasi ya IRS.

Ila hizi zote ni nafuu za anayelipa. Upande wa anayelipwa, kizingiti kinachohesabika ni dola 400 za faida kwa mwaka, na hicho hakikuguswa. Fikiria mkalimani wa Kiswahili anayefanya kazi kwa simu na wakala watatu, na kila wakala amemlipa dola 1,800 mwaka huu. Chini ya sheria ya zamani angepokea fomu tatu Januari 2027. Sasa huenda asipokee hata moja. Ana dola 5,400, na kama gharama zake ni kidogo sana anadaiwa kama dola 763 za mchango, hata kama hadaiwi senti moja ya kodi ya mapato. Mwaka jana fomu tatu mezani zingemfanya aulize. Mwaka huu atakaa kimya kwa nia njema kabisa, na nia njema haimwondolei deni wala riba. Dereva wetu wa Houston, kwa upande wake, atapokea 1099-K kwa sababu amevuka vizingiti vyote viwili, na kosa lake litakuwa la aina nyingine: fomu itaonyesha dola 60,000 zote, pamoja na ada ya programu ambayo hakuiona. Akiandika kwenye ritani dola 47,000 zilizoingia benki, mashine za IRS zitaona pengo na kumtumia barua ya CP2000 yenye deni la nyongeza. Aandike 60,000 juu, kisha 13,000 kama gharama. Na aangalie jimbo lake, maana Massachusetts, Maryland na Virginia zina viwango vyao vya dola 600 kwa 1099-K.

Hoja ya pili ya wapenda 1099 ni nzito zaidi. Wanasema ile nusu ya mwajiri mwishowe inatoka kwa mfanyakazi, kwa sababu mwajiri anaihesabu kama sehemu ya gharama yako na anapunguza mshahara kwa kiasi hicho. Wachumi wengi wanakubaliana nao kwa kipindi kirefu. Wanaongeza kwamba aliyejiajiri anaondoa gharama ambazo mwajiriwa haruhusiwi kuziondoa, anapanga saa zake, na anaweza kukataa kazi. Kwa mwenye lori lake, anayechagua mizigo na kujadili bei, yote hayo ni kweli. Ana mafuta, matengenezo, bima na uchakavu wa lori wa kuondoa, na akilala barabarani ana posho ya chakula ya dola 80 kwa siku, ambayo asilimia 80 yake inakubalika. (Kiwango cha senti kwa maili si chake, hicho ni cha magari madogo na pikapu.)

Hoja hiyo inaanguka pale ambapo malipo hayakupandishwa kufidia nusu ya mwajiri, na huko ndiko wengi wetu waliko. Nyumba ya kulea watu wenye ulemavu inatangaza kazi kwa dola 18 kwa saa. Jirani yake inatangaza dola 18 "kwa 1099, hukatwi kitu". Ya pili inasikika tamu kwa sababu hundi ya kwanza ni nene. Chukua wiki ya saa 60. Mwajiriwa anapata saa 40 kwa dola 18, yaani 720, na saa 20 za ovataimu kwa dola 27, yaani 540, jumla dola 1,260. Wa 1099 analipwa saa 60 kwa 18, dola 1,080, kisha adaiwe asilimia 15.3 badala ya 7.65. Ameshapungukiwa dola 180 kwa wiki kabla ya hesabu ya kodi kuanza. Akiumia mgongo akimnyanyua mgonjwa, hana bima ya kazini. Wakimwondoa, hana fidia ya kukosa kazi. Gharama anazoweza kuondoa ni zipi? Sare mbili na glavu. Hata safari ya kutoka nyumbani hadi kituo kilekile kila siku haihesabiwi kuwa maili za kazi.

Na hapa ndipo kaulimbiu ya ovataimu inapodanganya zaidi. Kwanza, ni punguzo kwenye kodi ya mapato, la miaka ya 2025 hadi 2028, lisilozidi dola 12,500 kwa mtu mmoja au 25,000 kwa wenye ndoa wanaowasilisha pamoja, na linaanza kupungua mapato yakivuka dola 150,000, au 300,000 kwa wenye ndoa. Makato ya asilimia 7.65 yanaendelea kama kawaida. Pili, kinachoondolewa ni ile nyongeza ya nusu juu ya malipo ya kawaida ya saa tu. Kwenye mfano wetu, mwajiriwa aliyelipwa dola 540 za ovataimu anaondoa dola 180, yaani tisa kwa kila saa katika 20, na kwa mtu wa ngazi ya asilimia 12 hiyo ni nafuu ya dola 21.60 kwa wiki. Tatu, lazima iwe ovataimu inayodaiwa na sheria ya kazi ya serikali kuu. Wa 1099 hana ovataimu ya namna hiyo, kwa hiyo hana punguzo. Madereva wengi wa malori yanayovuka majimbo wako nje ya kanuni ya ovataimu ya sheria hiyo, kwa hiyo hata wakiwa waajiriwa na kampuni ikiwalipa zaidi kwa hiari, punguzo haliwahusu. Tipu zina nafuu kidogo: dereva wa abiria aliyejiajiri anaweza kuondoa tipu zake hadi dola 25,000 kwenye kodi ya mapato. Lakini tukirudi kwa yule wa Houston, kodi yake ya mapato ni dola 868. Hata ikifutwa yote, zile 4,098 zinabaki, kwa sababu tipu ni sehemu ya faida inayokatiwa mchango.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa kujiamini kuliko zote: hakuna karatasi, hawajui, na isitoshe hiyo pensheni sitaila, mimi narudi nyumbani. Tuache kwamba wakala yuleyule anayeacha kutoa fomu bado anaandika malipo yako kwenye gharama zake, na siku akikaguliwa jina lako limo. Tuangalie hesabu ya mtu mwenyewe. Alama za Social Security mwaka 2026 hupatikana moja kwa kila dola 1,890, mwisho nne kwa mwaka. Yule mkalimani kwa dola zake 763 anapata alama mbili. Alama 40 zinampa mtu pensheni na Medicare ya hospitali bila ada akifika miaka 65. Lakini kuna za karibu zaidi. Mtu mzima akipata ulemavu wa kumzuia kazi, kwa kawaida anatakiwa awe na alama 20 ndani ya miaka 10 ya mwisho. Akifariki, watoto wake wadogo na mzazi anayewalea wanaweza kulipwa hata kama alikuwa na alama sita tu katika kipindi cha miaka mitatu hivi kabla ya kifo. Jamii zetu huchangishana kusafirisha miili. Kumbe fungu hili la watoto lilikuwepo, likakosekana kwa sababu baba aliendesha gari miaka mitano bila ritani. Na kanuni ya pensheni yenyewe inampendelea mwenye kipato kidogo: fungu la kwanza la wastani wa mapato yake hurudishwa kwa asilimia 90. Aliyekwisha kuwa raia wa Marekani anaweza kulipwa pensheni hiyo akiwa Mombasa au Moshi. Marekani haina mkataba wa kuunganisha miaka ya michango na Kenya, Tanzania, Uganda wala Kongo, kwa hiyo miaka ya NSSF haitaziba pengo la huku.

Kisha kuna uhamiaji. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama una kodi unayodaiwa ambayo muda wake wa kulipwa umepita. Na anayetaka kumleta mama yake anajaza I-864, fomu ya udhamini, ambayo inataka ritani yake ya karibuni na mapato ya angalau asilimia 125 ya mstari wa umaskini kwa idadi ya watu anaowabeba. Maafisa husoma jumla ya mapato kwenye ritani, na kwa aliyejiajiri hiyo ni faida baada ya gharama. Dereva aliyeongeza maili za uongo ili faida ishuke hadi dola 14,000 atakuwa ameokoa dola elfu mbili za mchango na kujifungia mlango wa mdhamini. Simfundishi mtu asiondoe gharama halali. Aondoe zote, hadi senti. Lakini kitabu cha maili kiwe na tarehe, mahali, sababu na umbali, kiandikwe siku hiyohiyo, na asidai mafuta na matengenezo juu ya kiwango cha maili, kwa kuwa kiwango hicho kimeshavihesabu.

Si kila aliyepewa 1099 ni mkandarasi kweli. Dalili ya kwanza huonekana siku ya kuanza kazi: mwajiri anakupa W-4, anayekuchukua kama mkandarasi anakupa W-9. Ukiona W-9 na huku bosi anapanga zamu yako, anakuonyesha namna ya kufanya kazi, vifaa ni vyake, lori ni lake, na huwezi kumtuma mtu mwingine badala yako, basi kwa vipimo vya IRS unafanana sana na mwajiriwa. Kusaini karatasi inayokuita mkandarasi hakubadilishi hilo. Kuna njia ya kisheria: fomu SS-8 inaiomba IRS iamue hadhi yako, na fomu 8919 inakuruhusu kulipa upande wako tu wa asilimia 7.65 huku uamuzi ukisubiriwa, na mapato yaingie kwenye rekodi yako ya Social Security. Ubaya wake ni kwamba IRS huwasiliana na mlipaji, na uhusiano wa kazi mara nyingi huharibika baada ya hapo. Ndiyo maana wengi hujaza SS-8 baada ya kuondoka.

Kwa aliye mkandarasi wa kweli, kulipa kwa awamu ndiko kunakomaliza kishindo cha Aprili. Tarehe ni Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15, na vipindi havilingani: cha pili ni miezi miwili tu, cha mwisho ni minne, na wengi wanakosea awamu ya Juni kwa kudhani wana miezi mitatu. Unakwepa faini ukiwa umelipa asilimia 90 ya deni la mwaka huu, au asilimia 100 ya kodi yote ya mwaka jana (110 kama mapato ya mwaka jana yalizidi dola 150,000), au deni lililobaki likiwa chini ya dola 1,000. Njia ya mwaka jana ndiyo rahisi kwa anayeanza, kwa sababu namba unayo tayari. Igawe kwa nne. Asiye na mwaka wa kulinganisha atenge robo ya faida, yaani baada ya gharama, kwenye akaunti nyingine siku hela inapoingia. Wenye ndoa wana njia nyepesi zaidi. Kama mke ni mwajiriwa na mume ni dereva, mke aongeze makato kwenye W-4 yake, sehemu ya nne, herufi (c). Makato ya mshahara huhesabiwa kana kwamba yamelipwa sawasawa mwaka mzima hata yakikatwa Novemba na Desemba, jambo ambalo malipo ya awamu hayana. Familia iliyozinduka Oktoba bado inaweza kujiokoa.

Aliyechelewa kabisa asiogope ritani kuliko deni. Kutowasilisha kunaongeza asilimia 5 ya deni kwa mwezi, mwisho 25. Kuwasilisha bila kulipa kunaongeza nusu ya asilimia moja kwa mwezi. Kuomba muda hadi Oktoba 15 kunaahirisha karatasi, hakuahirishi malipo. Mwenye deni lisilozidi dola 50,000 anaweza kuomba kwa mtandao mpango wa kulipa kila mwezi. Anayemtayarishia ritani lazima aisaini na kuandika PTIN, namba yake ya mtayarishaji inayotolewa na IRS. Anayekataa kusaini atafutiwe mbadala. Na kuna muda mmoja ambao haubembelezeki: mapato ya kujiajiri yasiporipotiwa ndani ya miaka mitatu, miezi mitatu na siku 15 tangu mwaka husika uishe, kwa kawaida hayaingii tena kwenye rekodi ya Social Security, hata ukilipa mchango wake wote na riba. Mapato ya 2022 yameshafungiwa Aprili 15 mwaka huu. Ya 2023 yana hadi Aprili 15, 2027.